Bega la Dubwana

Mama mdogo alifukuzwa kazi na kompyuta, na hakutaka jambo hilo lisemwe kwa maneno mengine. Barua ya chuo iliandika "kupunguza wafanyakazi". Mkuu wa idara alizungumzia "mabadiliko ya nyakati" huku akikwepa kumtazama machoni. Yeye, ukimuuliza, alikujibu kwa mkato: "Kompyuta imenitoa."

Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akitengeneza sanamu za kufundishia katika chuo cha madaktari wa mifugo. Ng'ombe wa plasta aliyevuliwa ngozi upande mmoja. Kichwa cha farasi kinachofunguka kama kabati. Mguu wa mbwa uliokuzwa hadi kumfikia mtu kiunoni, kila msuli na rangi yake, ili mwanafunzi aone unaanzia wapi na unashikilia nini. Kisha chuo kikanunua skrini ambazo mtu akibonyeza anayaona yote hayo yakizunguka mbele yake, na chumba chake cha kazi kikawa stoo ya viti vibovu.

Ndiyo maana mimi, mtoto wa dada yake niliyelelewa naye tangu darasa la tatu, nilikuwa naona haya kumsimulia kazi yangu. Mimi huwatia mwendo wanyama wa michezo ya kompyuta. Mwenzangu mmoja huwaumba kwenye skrini, wanakuja kwangu wamesimama tuli. Mimi ndiye ninayewapa hatua, pumzi, na namna ya kugeuza shingo. Mama mdogo aliiita kazi hiyo "vikatuni", nami nikaacha iitwe hivyo ili tukae kwa amani.

Mwaka huo studio yetu ilikuwa na mnyama mmoja aliyetunyima raha. Tulimwita Dubwana. Alikuwa na miguu sita, shingo ndefu, na mgongo mpana kama paa la nyumba. Mchezo mzima ulimtegemea yeye: mchezaji anamfuata katika nyika, analala kivulini mwake, anapanda mgongoni, mwishowe anamsindikiza kufa. Kama Dubwana hakuaminika, hatukuwa na mchezo. Aliyemuumba tulimwita Kalamu, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote na majivuno yaliyolingana na mkono huo. Alimfanyia kazi miezi mitano. Akiwa amesimama, Dubwana alikuwa uzuri mtupu, gamba kwa gamba. Akipiga hatua tu, kwisha.

Tulipowaita watu kumi waje waujaribu mchezo, mmoja wao alisema, "Aisee, meza ya chakula inahama nyumba!" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kalamu alitoka nje. Mimi nilibaki nikijidai naandika kitu. Bosi wetu, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, alitupa miezi miwili. Baada ya hapo Dubwana angeondolewa, na sehemu kubwa ya mchezo iondoke naye.

Jumapili iliyofuata nilikuwa sebuleni kwa mama mdogo, kompyuta mapajani, najikuna kichwa. Yeye alikuwa akipiga pasi. Alipita nyuma yangu na kikapu cha nguo, akasimama.

"Huyu anaumwa," alisema.

"Haumwi, mama. Ndivyo anavyotembea."

"Basi aliyemtengeneza hajawahi kumshika mnyama. Mbona miguu imepigiliwa misumari?" Akaweka kikapu chini. "Hebu mrudishe nyuma. Tena. Hii miguu ya kati, ni ya mbele au ya nyuma?"

"Ni ya kati."

"Nakuuliza kazi yake. Ya nyuma inasukuma. Ya mbele inapokea uzito. Hii inafanya nini?"

Tulikuwa watu kumi na wanne katika studio ile, miezi mitano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza swali hilo.

"Piga magoti," mama mdogo alisema.

"Eti?"

"Piga magoti, na mikono chini. Tembea."

Basi mimi, mtu mzima mwenye shahada, nikatambaa kwenye zulia kama mtoto, naye akitembea kando yangu akiwa ameukandamiza mgongo wangu kwa kiganja. "Nyanyua mkono wa kulia. Taratibu. Unausikia huo mfupa mpana unavyoteleza? Na wewe ni binadamu, una mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua, unaoufunga. Ng'ombe hana. Mguu wake wa mbele haujaungana na mwili kwa mfupa wowote. Kifua chote kimening'inia katikati ya mabega mawili, kimebebwa na nyama tu, kama mgonjwa kwenye machela." Akanipiga kofi dogo la bega. "Inuka, unanichafulia zulia."

Jumatatu nilimweleza bosi. "Mlete," alisema, basi.

Mama mdogo hakutaka kusikia. Aende kuitumikia ile ile iliyomtoa? Nisimtanie. Nikaliacha, maana namjua. Ukimsukuma anageuka jiwe. Jumamosi nilipomtembelea, nilikuta kalenda ya mwaka uliopita iko mezani imefunuliwa upande mweupe, na kila karatasi imejaa wanyama wa miguu sita. Wamesimama, wamelala, wanainuka kwa shida wakianza na matako. Hakuna hata mstari mmoja uliofutwa.

"Mkono ulikuwa unaniwasha," alisema, akizikusanya haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Alikuja studio siku ya Jumanne na begi zito. Mlinzi mlangoni alilifungua, akakutana uso kwa uso na mifupa ya bega ya ng'ombe, waya, na bonge la udongo ndani ya nailoni. "Mama," alisema kwa heshima, "hapa ni ofisi ya kompyuta."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja na vifaa."

Kalamu alimpokea kwa adabu ya midomoni. Alimwonyesha Dubwana akiwa amesimama. Mama mdogo alimtazama muda mrefu, akaomba azungushwe, akatazama tena.

"Ngozi hii umeifanya vizuri mno," alisema. Kalamu akatabasamu. "Sasa nyama iko wapi?"

"Ndani hamna kitu, mama. Ni ganda tu. Kompyuta haihitaji nyama."

"Haihitaji. Lakini anayetazama je? Ninyi mmeshona suti kwanza, halafu mnatafuta mtu wa kuivaa."

Hapa inabidi nieleze alikotoka mama mdogo. Aliingia chuoni akiwa na miaka kumi na tisa, kibarua wa kukoroga plasta. Fundi mkuu wa sanamu alikuwa bwana mmoja mfupi, mkali kama pilipili, ambaye hakumruhusu kugusa udongo kwa mwaka mzima. Alimpa mfupa mmoja kila wiki. Auchore Jumatatu kwa kuutazama, Jumatano kwa kuukumbuka, Ijumaa kwa kuupapasa akiwa amefumba macho. Mwaka wa pili akaruhusiwa kujenga mifupa kwa waya na udongo. Mwaka wa tatu nyama, msuli juu ya msuli, kwa mpangilio ule ule ulio katika mwili. Ngozi aliigusa mwaka wa tano. Akikosea, fundi hakumkemea. Aliichukua kazi, akaiangusha sakafuni, akaenda zake kunywa chai. "Nilimchukia," mama mdogo aliniambia mara moja. "Halafu siku moja nikapita kwenye zizi la chuo, nikamwona ng'ombe akigeuka kujilamba, nikaona kila kitu kilicho chini ya ngozi yake. Kila kitu. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi."

Huyo ndiye mtu tuliyemkabidhi kalamu ya kompyuta na kibao chake cha plastiki.

Alishindwa. Nasema wazi, alishindwa vibaya. Kalamu ya kompyuta iliteleza, udongo wa kwenye skrini ulijaa mahali asipoutaka, akazungusha mnyama akampoteza, akabonyeza kitu mnyama akawa bluu. Siku ya tatu aliiweka kalamu mezani polepole. "Mkono wangu hausikii kitu," alisema. "Hauna uzito. Hauna ubaridi. Ni kama kumshika mtu mkono kupitia ukuta." Akachukua begi lake akaondoka, na kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Nilidhani Kalamu angefurahi. Badala yake alikuja mezani kwangu akinikabidhi michoro ya kwenye kalenda, ambayo mama mdogo aliisahau. "Anaishi wapi?" aliuliza.

Tulikwenda pamoja baada ya kazi. Mama mdogo alitukaribisha, akaenda jikoni kuweka chai, na Kalamu akabaki amesimama katikati ya sebule. Mimi nilikwisha kuizoea sebule ile, sikuwa nimewahi kufikiria inavyoonekana kwa mgeni. Chuo kilipozitupa sanamu, mama mdogo alikodi mkokoteni akazihamishia nyumbani. Kando ya televisheni alisimama farasi nusu, shingo yake imefunuliwa hadi kwenye mishipa. Juu ya kabati, mafuvu saba ya plasta, kuanzia paka hadi fahali. Nyuma ya kochi alilala ndama ambaye ubavu wake ulifunguka kwa bawaba.

Kalamu aliugusa ule ubavu kwa kidole kimoja. Akaufungua. Ndani, mapafu; akayanyanyua; nyuma ya mapafu, moyo, na moyo nao ulifunguka. Niliona midomo yake ikichezacheza, kama mtu anayehesabu au anayeomba.

"Hii yote umeifanya kwa mkono?" alimuuliza mama mdogo aliporudi na sinia.

"Kwani ungetaka niifanye kwa mguu?"

Tulicheka, kisha Kalamu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua mfuko wa mifupa uliokuwa pembeni, akamwomba mama mdogo afumbe macho, akampa mfupa mmoja baada ya mwingine. "Goti la nyuma la mbuzi, la kushoto," alisema mama mdogo. "Ubavu wa nane wa ng'ombe. Wa tisa, samahani. Taya la mbwa, mzee, meno yamelika." Kalamu akampa kipande kidogo kama punje ya karanga. Mama mdogo alikizungusha kati ya vidole viwili, akakizungusha tena. Nikadhani amekwama. "Huyu alikuwa na maumivu," alisema. "Ni kipande cha kifundo cha ng'ombe, lakini mfupa umeota mahali pasipotakiwa. Alikuwa anachechemea."

Kalamu alikaa kwenye mkono wa kochi. Yale majivuno yote yalikuwa yamemvuka kama koti. "Nifundishe," alisema.

"Na wewe unifundishe kukisikia kile kibao chenu."

Ndivyo walivyoanza. Asubuhi saa moja kamili, kabla ya kompyuta kuwashwa, Kalamu alichora mfupa kwa saa nzima bila kufuta. Mimi pia nilijiunga, na siku ya nne bosi akavuta kiti. Mchana Kalamu alikaa nyuma ya mama mdogo kama dereva anayemfundisha mwenzake, akimwonyesha kwamba kibao kinatambua mkandamizo, kwamba angeweza kukifanya kiwe kizito au chepesi anavyotaka. Waliutafuta uzito wake kwa muda mrefu, hiki hapana, hiki hapana, mpaka siku moja mama mdogo akasema, "Hapo. Acha hapo hapo. Huo ni udongo wenye siku mbili." Kuanzia siku hiyo alifanya kazi akiwa amefumba macho kidogo, na mkono wa kushoto, usio na kalamu, ulikuwa ukitembea hewani kana kwamba unaizunguka sanamu kwa nyuma.

Kitufe cha kufuta kosa alikidharau. "Kosa lisiloacha alama litakufundisha nini?" Lakini Alhamisi moja Kalamu alihesabu, akakuta amekibonyeza mara arobaini na moja kabla ya chakula cha mchana. Mama mdogo aliposomewa hesabu hiyo alicheka mpaka akatoa leso.

Kulikuwa na mvutano pia. Yeye alitaka mkia mzito wa kubalansi shingo, Kalamu akamweleza kwamba mchezaji hukaa chini ya tumbo na mkia huo ungemziba asione nje. Walibishana siku mbili. Kalamu alishinda, na mama mdogo alikiri kwa kumletea chungwa bila kusema neno.

Jambo la bega ndilo lililotupeleka buchani. Kalamu alikuwa ameelewa kwa kichwa, lakini mkono wake bado haukuamini. Mama mdogo akamwomba mwenye bucha wa karibu na studio atukatie mguu wa mbele mbele yetu. Yule bwana aliunyanyua mguu wa ng'ombe kwa mkono mmoja, akapitisha kisu kati ya mguu na mbavu, polepole, bila nguvu yoyote. Hatukusikia mlio wa mfupa. Hakutumia shoka wala msumeno. Mguu wote, pamoja na mfupa mpana wa bega, ulijitenga na mwili kama mlango uliofunguliwa, ukabaki mkononi mwake.

"Miaka yote hii," Kalamu alisema, "nyama tu ndiyo iliyokuwa inambeba?"

"Nyama tu," mama mdogo alijibu. Na yeye aliyeliona jambo hilo mara elfu alikuwa akilitazama kwa macho ya mtu anayeliona leo.

Wakamjenga Dubwana upya kwa mpangilio wa yule fundi mkali. Kwanza uti wa mgongo. Kisha mbavu, nyonga moja, na jozi mbili za mabega, kwa sababu mama mdogo alikwisha kuamua kwamba miguu ya kati ilikuwa ya kupokea. Kisha misuli, mmoja mmoja, kila mmoja ukianzia mfupani na kuishia mfupani. Kalamu aliifundisha mashine jinsi ya kuifanya ngozi iteleze juu ya misuli. Ilipofika zamu yangu, nilipiga hatua ya kwanza nikakuta sina kazi kubwa. Nilikuwa nimezoea kumlazimisha mnyama asogee. Huyu, nilipousogeza mguu mmoja, mwili mzima ulijua la kufanya. Niliondoa mikono mezani.

Wiki ya nane, mchana, bosi alifunga mapazia ya chumba kikubwa akawaita watu wote, pamoja na wale kumi wa mwanzo. Dubwana alitokea kwa mbali, kwenye ukungu. Alikuja taratibu. Mabega ya mbele yalipanda na kushuka chini ya ngozi, ya kati yakayafuata, na kifua kikaning'inia katikati yao kikiyumba kidogo kwa uzito wake. Ardhi haikutetemeka kwenye skrini, hatukuwa tumefika huko, lakini mtu mmoja mbele yangu alirudisha miguu yake chini ya kiti.

Akafika, akasimama. Hapo mama mdogo alikuwa ameng'ang'ania jambo moja ambalo mimi niliona la ziada: kwamba akishasimama, alegeze mguu mmoja wa nyuma, nyonga ishuke, kisha atoe pumzi. Nilikuwa nimelifanya ili kumridhisha tu. Dubwana akalegeza mguu. Nyonga ikashuka. Mbavu zikafunguka, zikajifunga.

Hakuna aliyecheka. Kisha mlinzi wetu, aliyekuwa amechungulia mlangoni kuuliza kuhusu gari lililoziba njia, akasema kwa sauti ya chini:

"Amechoka huyo. Mwacheni apumzike."

Kalamu alijifunika uso. Yule mtu aliyesema habari za meza alikuwa amesimama wima, na sidhani alijua kwamba amesimama.

Mchezo ulitoka mwaka uliofuata. Haukutikisa dunia, nisitie chumvi. Uliuzwa vya kutosha tufanye mwingine. Watu wengi walituandikia kuhusu Dubwana, na daktari mmoja wa mifugo aliuliza nani kamtengeneza, maana alikuwa amesimamisha mchezo ili atazame bega. Jina la mama mdogo limo katika orodha ya mwishoni, na sasa anakuja studio siku tatu kwa wiki. Saa ya kuchora mifupa imebaki. Wageni wanaoajiriwa huisikia siku ya kwanza na kudhani tunatania. Kuhusu kompyuta, hajaisamehe. Anasema wamefikia makubaliano.

Miezi michache iliyopita studio ilinunua ile miwani kubwa inayofunika macho, ambayo ukiivaa unajiona uko ndani ya mchezo wenyewe. Nilimvalisha mama mdogo, nikamkaza mkanda nyuma ya kichwa, nikamwambia asiogope, tuko naye. Tulikuwa watatu chumbani, mimi, yeye na Kalamu.

Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo. Nilitazama kwenye skrini ya pembeni alichokuwa akikiona: tumbo la Dubwana juu yake, pana kama dari la ukumbi, na miguu sita ikishuka kumzunguka. Katika maisha yake yote hakuwahi kutengeneza sanamu isiyoweza kupita mlango wa chumba chake cha kazi.

Dubwana alipiga hatua. Mama mdogo akasogea kando kumpisha.

"Jamani," alinong'ona. "Jamani, jamani."

Akatembea polepole kwenye zulia la ofisi, mikono mbele, mpaka akafika chini ya bega la kati. Akanyoosha mkono wa kulia juu kabisa, akisimama kwa ncha za vidole vya miguu, na kiganja chake kikakaa hewani mahali ambapo ule mfupa mpana ulikuwa ukiteleza chini ya ngozi. Kikapanda nao. Kikashuka nao.

Kalamu alinigusa nimwulize kama anataka tumvue miwani.

"Bado," mama mdogo alisema kabla sijafungua mdomo. "Nendeni mkale. Mniache naye kidogo."